RAM mpya, kompyuta ileile: namshuku shemeji yangu

Shikamoo mama,

Naomba jina langu lisitajwe, maana wanaonijua wapo wanaosoma safu hii.

Nina miaka 34, nina mume na watoto wawili. Naendesha steshenari huku Malimbe, Mwanza, karibu na chuo. Natoa kopi, naprinti, nachapa ripoti, nafanya laminesheni na picha za paspoti, na zaidi ya yote najaza maombi ya mtandaoni ya wanafunzi na watafuta ajira. Kompyuta ninayo moja tu, ya mezani. Niliinunua mwaka 2020 ikiwa imeshatumika. Aliyeniuzia alisema prosesa yake ni Core i3 kizazi cha sita, RAM, yaani kumbukumbu ya kazi za wakati huo, GB 4, hadidiski ya kuhifadhia mafaili GB 500, Windows 10. Miaka ya mwanzo haikunisumbua. Tangu mwaka jana imekuwa ya kustaki. Nikifungua Word, Chrome na programu ya skana kwa pamoja, kiduara kinazunguka mpaka mteja anaanza kuangalia saa.

Mume wangu ananunua dagaa mwaloni Kirumba na kuwapeleka Geita, kwa hiyo siku nyingi hayupo. Tunaishi na mdogo wake, yuko mwaka wa pili chuo, anasomea mambo ya kompyuta. Ni kijana mtulivu, watoto wanampenda, na jioni ananisaidia dukani. Mwezi wa pili aliniambia, "Shemeji, hii mashine shida yake ni RAM. Ni ndogo, halafu haina kasi." Akanieleza kuwa zipo RAM za aina ya DDR4 zenye kasi ya 3200, tukiweka moja ya GB 8 mashine itapaa. Nikampa shilingi 120,000 mkononi. Akaenda mjini, akarudi nayo, akafungua mashine wakati mimi nahudumia wateja, akatoa ya zamani akaweka mpya. Alisema mbili hazipatani, kwa hiyo ile ya zamani haina kazi tena.

Siku chache za mwanzo niliona nafuu. Kisha ikarudi kulekule.

Mwezi wa nne, saa nne usiku nikiwa nafunga, akaja binti mmoja anahema, amekimbia kutoka hosteli. Dirisha la maombi ya kazi lilikuwa linafungwa saa sita, na simu yake imegoma kupandisha vyeti. Nikamwambia, "Kaa hapa mdogo wangu, tutamaliza." Nikachomeka flashi yake, mashine ikaganda. Mshale hausogei. Ile taa ndogo ya mbele inawaka bila kupepesa, na ndani nasikia krrr, krrr. Nikazima, nikawasha. Ilichukua dakika kumi na moja mpaka kufunguka, nilizihesabu kwenye simu. Saa sita kasoro dakika mbili ukurasa ulikuwa bado mweupe. Yule binti hakunilaumu. Alichomoa flashi yake, akasema "asante dada", akaenda kukaa kwenye ngazi ya duka akalia. Tangu siku hiyo silali vizuri.

Kesho yake nikaita fundi mwingine. Akabonyeza vitu, akanionyesha kwenye skrini: Speed 2133. Akasema, "Dada, umepigwa. Hii si 3200. Na RAM kama hii inauzwa elfu sabini." Akachukua nauli yake akaondoka. Moyo wangu ukachafuka hapohapo. Elfu hamsini imekwenda wapi? Ile RAM ya zamani iko wapi, mbona sikuiona tena? Sasa nikimwona shemeji na viatu vipya, nahesabu.

Na yeye mwenyewe anasema dawa ya mwisho ni kununua kompyuta mpya yenye RAM ya DDR5, aina mpya kuliko DDR4, GB 32, kwamba siku hizi kila kitu ni kasi ya RAM. Ameona moja ya shilingi milioni 2.4. Kikoba chetu kinaweza kunikopesha milioni moja na nusu, na kinachobaki nitoe kwenye akiba ya ada ya mtoto wetu mkubwa, anayeingia kidato cha kwanza shule ya bweni Januari.

Mume wangu sijamwambia lolote. Ana hasira za karibu. Akisikia neno wizi atamrudisha mdogo wake Ukerewe siku hiyohiyo, na masomo yataishia hapo. Mama mkwe atasema nimemfukuza mtoto wake. Nikinyamaza, naingia kwenye deni kwa ushauri wa mtu nisiyemwamini tena.

Mama, nichukue huo mkopo? Na huyu kijana nimfanyeje?

Mama wa steshenari, Malimbe

*

Marahaba mwanangu,

Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nakwama pale kwenye ngazi ya duka, alipokaa yule binti. Mtu aliyekuwa anafunga duka saa nne usiku akasema "kaa hapa, tutamaliza" hana deni na binti huyo. Najua maneno yangu hayatakurudishia usingizi leo, ila nimetaka uyasikie kabla hatujagusa mengine.

Umeniletea mambo mawili. Kuna kompyuta inayokwama, na kuna kijana unayemshuku. Kilichoyafunga pamoja ni ile namba ya kwenye skrini, 2133. Kabla ya usiku ule ulikuwa na mashine mbovu na shemeji mzuri. Baada ya fundi kusema "umepigwa", vyote viwili vimekuwa kitu kimoja kichwani mwako. Naomba tuitazame hiyo namba kwanza, kwa sababu nadhani imebebeshwa mzigo usio wake.

Prosesa ndiyo ubongo wa kompyuta. Ya Core i3 ya kizazi cha sita, kama inatumia DDR4, imetengenezwa kusoma RAM kwa kasi isiyozidi 2133. Ukiiwekea RAM iliyoandikwa 3200, haikatai. Inaipokea na kuiendesha kwa 2133. Na ile Task Manager, ukurasa ambao nadhani fundi alikufungulia kwenye skrini, inaonyesha kasi ambayo RAM inakimbia wakati huo. Haionyeshi kasi iliyoandikwa kwenye karatasi yake. Kwa hiyo fundi wako aliona kweli 2133, na shemeji wako inawezekana kweli kabisa alinunua 3200, na wote wawili wasiwe wamekudanganya. Kosa la kijana, kama ni hilo tu, ni kuahidi kasi ambayo mashine yako haina uwezo wa kuitumia. Mwanafunzi wa mwaka wa pili anaweza kulifanya kosa hilo kwa nia njema kabisa. Anasoma namba kwenye tangazo, anaona kubwa ni bora, anakuletea kwa furaha.

Hilo unaweza kulihakikisha bila kumuuliza mtu. Kwenye kipande chenyewe cha RAM kuna karatasi ndogo iliyobandikwa. Kama ni ya 3200, utakuta namba 3200 au 25600. Kama ni ya 2133, utakuta 2133 au 17000. Nitakueleza mwishoni namna ya kukitoa.

Elfu sabini nayo nisingeichukua kama ushahidi uliokamilika. Tangu mwishoni mwa 2025 bei za RAM zimepanda duniani kote, kwa sababu watengenezaji wakubwa, Samsung, SK Hynix na Micron, wanaelekeza sehemu kubwa ya uzalishaji kwenye vituo vya data vya akili bandia. Bei anayoikumbuka fundi inaweza kuwa ya mwaka jana, au ya kipande kilichotumika. Pia inaweza kuwa bei sahihi, na chenji ikabaki mfukoni mwa kijana. Mimi siwezi kujua, na wewe bado hujui. Ulimpa hela mkononi na hukudai risiti, kama tunavyofanya wengi wetu na watu wa nyumbani.

Linalobaki ni ile RAM ya zamani, na hapo sitakuambia kwamba swali lako ni la bure. Ni mali yako. Kusema "mbili hazipatani" kuna ukweli kiasi: zipo mashine zinazokataa kuchanganyiwa. Lakini mara nyingi GB 4 na GB 8 za aina moja hukaa pamoja bila ugomvi, zote zikienda kwa mwendo wa ile ya polepole, na ungepata GB 12. Tena vipande viwili vikikaa kwenye matundu yanayotakiwa, prosesa huvisoma kwa pamoja, jambo lenye faida yake. Huenda alifundishwa kutochanganya akafuata alivyofundishwa. Huenda aliiuza. Huenda iko kwenye droo chini ya karatasi za laminesheni. Jibu analo yeye.

Sasa tuje kwenye mashine yenyewe. Mume wako anakwenda Geita na dagaa, kwa hiyo mfano huu mnaujua nyumbani kwenu. Kabla ya Juni 2025, kabla Daraja la J.P. Magufuli la Kigongo–Busisi halijafunguliwa, ungeweza kutoka Mwanza na gari lenye kasi kuliko yote mkoani. Ungefika Kigongo mapema, kisha ungekaa na wenzako kwenye foleni ya kivuko. Aliyekuja na gari bovu naye angekukuta hapohapo. Hakuna injini ya gari iliyoweza kufupisha ile foleni. Safari ilibadilika siku kilomita tatu za maji zilipowekewa barabara juu yake.

Kwenye kompyuta yako, kasi ya RAM ni lile gari. Hadidiski ni kivuko.

RAM ya 2133 hupitisha karibu GB 17 kwa sekunde, ya 3200 zaidi kidogo ya GB 25. Ripoti ya mwanafunzi ya kurasa sitini yenye picha ina MB chache tu. Kwa kazi hiyo, tofauti ya hizo RAM mbili hutaiona hata ukikaa na saa mkononi. Tena hata ukitoka DDR4 kwenda DDR5, kinachoongezeka sana ni wingi wa data unaopita kwa mkupuo. Muda wa RAM kuanza kujibu ikiombwa kitu haujapungua sana, ni nanosekunde kumi na kitu, kama ulivyokuwa zamani. Kasi ya RAM inaonekana kwenye michezo ya kompyuta, kwenye kuhariri video, na zaidi kwenye mashine ambayo picha za skrini zinachorwa kwa kuazima RAM hiyohiyo. Kwa Word, skana na fomu za mtandaoni, sijui mahali ambapo ungeigusa tofauti hiyo kwa mkono.

Ukubwa wa RAM ni habari nyingine, na hapo kijana alikuwa sahihi. Kwenye GB 4, Windows yenyewe inakula karibu nusu. Chrome yenye kurasa sita saba inamaliza iliyobaki, maana kila ukurasa unajitwalia sehemu yake. Ukifungua skana juu ya hapo, Windows haina pa kuweka vitu, inaanza kuvihamishia kwenye hadidiski na kuvirudisha, kuvihamisha na kuvirudisha. Kwa hiyo nafuu uliyoiona siku zile za mwanzo huenda hukuiota. Ilikuwa ni GB 8. Ila ukubwa ukishatosha kazi yako, unaoongezwa juu yake unakaa tu, faida yake ni ndogo. Kama kazi zako zinaenea kwenye GB 8, ama 12, basi GB 32 ni kujenga ghala la mifuko mia kuwekea mifuko kumi.

Kwa nini basi iliganda usiku ule? Sijaiona mashine yako, na sitaki kujifanya nimeiona. Ila vitu vitatu ulivyoviandika vinanivuta upande mmoja: taa isiyopepesa, ile krrr, na dakika kumi na moja za kuwaka. Ndani ya hadidiski kuna sahani inayozunguka na kisindano kinachohama huku na huku kutafuta data. Kila safari ya kisindano huchukua karibu milisekunde kumi. RAM hujibu kwa chini ya sehemu moja ya milioni ya sekunde, mara laki moja haraka zaidi au hata kupita hapo. Mashine ikitaka vitu vidogo vidogo elfu kadhaa kutoka kwenye sahani hiyo, kama inavyofanya inapowaka, utangoja hata ukiiwekea RAM ya dhahabu. SSD, diski ya kisasa inayohifadhi data kwenye chipu, haina sahani wala kisindano, ndiyo maana watu wakiibadilisha tu hiyo wanadhani wamenunua mashine nyingine. Ndilo daraja lenyewe.

Usilichukue hilo kwa imani, lipime. Siku ikistaki, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, nenda palipoandikwa Performance, usiguse kingine. Kama Memory imepanda mpaka asilimia tisini na kitu, RAM bado ni ndogo kwa kazi unazofungua. Kama Memory iko hamsini au sitini na Disk imesimama kwenye mia, mashine inangoja hadidiski, na kasi ya RAM haihusiki. Kama ni CPU, yaani prosesa, iliyofika mia, angalia ni programu gani inayoitumia. Duka linalopokea flashi za kila hosteli haliwezi kukosa virusi. Angalia siku tatu nne, si mara moja tu, na uandike kwenye daftari la mauzo.

Na kuna jambo moja ambalo ningeomba ulifanye kesho asubuhi kabla ya hayo yote. Hadidiski ya miaka mingi inayokwaruza hivyo inaweza kuwa inakufa. Nakili ripoti za watu, barua zako na hesabu zako kwenye flashi au diski ya nje. Kuna wanafunzi ambao nakala yao pekee iko kwako na hawajui.

Sasa mkopo. Ukibadilisha hadidiski ukaweka SSD ya GB 240 hivi, utatumia fedha kidogo sana kuliko hiyo milioni 2.4, na huenda dakika zako kumi na moja zikashuka chini ya moja. Hatari yake ipo, na ni lazima uijue. Windows 10 ilifikia mwisho wa kuhudumiwa na Microsoft tarehe 14 Oktoba 2025, na prosesa ya kizazi cha sita haimo kwenye orodha ya zinazokubaliwa rasmi kwenye Windows 11, ambayo kwa Intel kwa sehemu kubwa inaanzia kizazi cha nane. Wewe unajaza namba za NIDA na nywila za watu. Kuendelea miaka mingi na mfumo usiozibwa matundu kunaweza kuwaumiza wateja wako siku moja. Faraja ni kwamba SSD unaweza kuihamishia kwenye mashine nyingine baadaye, haipotei.

Ukisema ununue mpya, sababu nzuri ya kununua ni hiyo ya Windows, kuliko hiyo ya DDR5. Na ukiitazama hivyo, bei inabadilika. Umewahi kuuliza mashine iliyotumika ya kizazi cha nane au zaidi, yenye GB 8 na SSD, inauzwaje? Mwambie shemeji wako akutafutie bei tatu za aina hiyo. Pengine milioni 2.4 ilikuja kwa sababu hakuna aliyemwambia kazi yako inahitaji nini. Kama una ndoto ya kuhariri video za harusi na kuchora mabango makubwa, niambie, maana hapo hesabu ya RAM inageuka, na huenda kijana anaiona biashara yako mbali kuliko unavyoiona wewe.

Kuhusu milioni moja na nusu ya kikoba, jiulize hivi. Kama kopi moja unaitoa kwa shilingi 100, hizo ni kopi 15,000, kabla hujatoa karatasi, wino, Luku na riba. Chuo kikifunga, Malimbe mnabaki wenyeji tu, na marejesho ya kikoba hayaendi likizo. Tena juu yake kuna ada ya Januari. Sisemi haiwezekani. Wapo waliokopa wakanunua mashine, ikawalipia deni na ikabaki. Na kutonunua nako kuna gharama: mteja aliyekwamishwa mara mbili anahamia duka la jirani, na hilo halionekani kwenye daftari lolote. Ila ningetamani, kabla hujaweka dole gumba kwenye fomu, uwe umeshajua mashine yako inangoja nini.

Nirudi kwa kijana. Umeandika kwamba unahesabu viatu vyake. Hivyo viatu inawezekana kaka yake ndiye aliyempa hela. Inawezekana amekopa kwa rafiki. Najua unachoka, maana kuishi nyumba moja na mtu unayemhesabu ni kazi ya kutwa nzima, na unamkaribisha chakula usiku huku unajichukia kwa mawazo yako.

Njia moja ni kukaa naye mapema asubuhi, kabla ya wateja, mashine ikiwa imefunguliwa mezani kati yenu. "Shemeji, nataka tuone tunaweza kurudisha ile RAM ya GB 4 tupate 12. Uliiweka wapi?" Hilo ni swali la kazi, halina tusi ndani yake, na lina jibu la kweli. Akisema ipo, ataileta. Akisema aliiuza, angalau atakuwa amesema, na mtazungumza mtu na shemeji yake. Hatari ni kwamba anaweza kuhisi anashukiwa akaumia, hasa kama hana hatia, au anaweza kudanganya ukamwona anadanganya. Jiandae kwa hilo. Kama ingekuwa aliiuza akanunulia vocha, ungetaka nini kutoka kwake? Kurudishiwa? Kuombwa radhi? Au kutomwachia tena hela bila risiti? Ni vizuri jibu liwe nawe kabla hujauliza.

Njia nyingine ni kunyamaza na kuhesabu elfu hamsini kuwa imepotea, uendelee kumlea. Wapo wanaoweza. Barua yako inaniambia kwamba kwako imeshindikana kwa miezi kadhaa, lakini wewe ndiye unayejijua.

Na mume wako. Umeliweka jambo hili kana kwamba kuna kunyamaza kabisa au kutamka neno wizi. Mimi naona katikati kuna nafasi pana. Mkopo wa milioni moja na nusu na kuguswa kwa ada ya mtoto wake ni habari anayoweza kuisikia bila kutajiwa mdogo wake. "Mashine inanikwamisha, nafikiria hivi na hivi, wewe unaonaje?" Yeye aliyewahi kungoja kivuko ataielewa habari ya hadidiski kwa dakika mbili. Kumficha mkopo nako kuna hatari yake, maana wanawake wa kikoba wana waume, na waume wanakutana mwaloni. Ama ile shaka yako juu ya mdogo wake, wakati wa kuitaja, au kutoitaja kabisa, ni wako. Ila kwa sasa ungekuwa unampelekea mume mwenye hasira namba 2133, na namba hiyo, kama nilivyokueleza, haisemi mtu kaiba.

Siku ya kufungua, zima kompyuta, zima na swichi ya ukutani, chomoa waya. Bonyeza kitufe cha kuwashia mara moja ili umeme uliobaki uishe, kisha shika chuma cha kasha, lile ambalo wengi huliita CPU, kabla hujagusa chochote ndani. RAM utaiona imesimama kwenye tundu lake refu, ina kibanio pembeni. Kisukume nje taratibu, itapanda yenyewe. Shika kingo zake, usiguse yale meno ya rangi ya dhahabu. Kama moyo utakuruhusu, fanya hivyo akiwepo, yeye ndiye ashike taa ya simu. Kisha niandikie hiyo karatasi imeandikwa nini.

Wako, mama mshauri.